Kiswahili cha Jenerali

Mwaka wake wa kwanza wa kufundisha Kampala, Celestine Nafula alifuatwa hadi mlangoni mwa darasa na mama mmoja Mganda, gomesi safi, lile vazi la heshima la kwao, mkoba mkononi, akaombwa amwondoe binti yake kwenye somo la Kiswahili. Mama yule hakuja kwa ugomvi. Alieleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo lugha aliyopigiwa baba yake, na ndiyo waliyoisikia mlangoni siku askari walipokuja kuchukua redio, kisha ng'ombe, kisha kaka yake mkubwa.

"Mwanangu akianza kuisema nyumbani," alisema, "nitamwogopa."

Celestine alikuwa mtu wa Busia, upande wa Kenya. Kwao Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, cha kuchekea na cha kuposea. Hakuwahi kufikiri kwamba lugha inaweza kuogopwa kama mbwa. Jioni alimsimulia mumewe, Nashon, aliyemtangulia Kampala kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Nashon alicheka mpaka akakohoa. "Basi umekuja kuuza nyama ya nguruwe msikitini," alisema.

Hata hivyo wanafunzi walipatikana, na miaka ikaenda. Wawili hao walipanga chumba Namuwongo, karibu na reli, katika safu ya vyumba vyenye uwanja mmoja na bomba moja la maji. Maisha yalikuwa ya kubana lakini yalikalika. Mpaka asubuhi moja mkuu wa shule alipomtoa Celestine darasani, jasho likimtoka puani, akamwonyesha mwanajeshi aliyesimama kando ya gari la kijani.

"Mwalimu," alisema yule mwanajeshi. Jina lake lilikuwa Oola, na alikuwa na adabu. "Afande anataka kujifunza Kiswahili mzuri. Twende."

"Lini?"

"Gari inangoja."

Alipelekwa Mbuya, juu ya kilima, kwenye jumba lenye ukuta mrefu na nyaya juu yake. Jina la mwenye jumba lilijulikana mji mzima, lakini watu hawakulitamka. Walisema Jenerali, au Afande, au waliinua kidevu tu kuelekea Mbuya na mwenzao akaelewa. Pembeni mwa ukuta, kwenye viti vya plastiki, waliketi watu wa suti wakingoja kuitwa. Baadhi yao, Celestine alikuja kujua baadaye, walikuwa wakija kungoja kila siku tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Ndani, watumishi walitembea na soksi, kwa sababu mwenye nyumba hakupenda sauti ya viatu.

Jenerali mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na mikono midogo iliyotunzwa. Hakupaza sauti. Kiswahili chake kilikuwa amri tupu: kuja, lete, lala chini, funga mudomo. Ukimwondolea amri, hakubakiwa na neno.

"Kuna mkutano," alimwambia. "Wakubwa wa nchi za jirani. Mara ya mwisho mimi niliongea, wale watu walicheka. Hata Mzee wetu alicheka." Mzee huyo alikuwa mkubwa wake, aliye juu ya kila mtu. "Mimi sitaki kuchekwa tena. Wewe utanifundisha mpaka nakuwa kama mtu wa Mombasa."

Kila Jumanne na Alhamisi gari la kijani lilimfuata Celestine. Jenerali alikuwa mwanafunzi mzuri, na jambo hilo lilimtia Celestine hofu kuliko kama angekuwa mzito. Hakusahau kitu. Alitaka kusahihishwa kila kosa, na kila aliposahihishwa kitu fulani kilijikaza shavuni mwake. Siku moja mpishi aliingia na chai wakati Celestine anamrekebisha: si "watu mbaya", Afande, ni "watu wabaya". Mpishi alisikia. Alhamisi chai ililetwa na mtu mwingine, na hakuna aliyesema yule wa kwanza yuko wapi. Celestine hakuuliza. Alikunywa chai, akasema imeiva vizuri.

Sasa, chumba cha pili kutoka chao pale Namuwongo aliishi mwanamke aitwaye Lailah. Alikuwa Mnubi, wa wale ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudan kuwa askari wa Mwingereza, na mwenyewe alipenda kusema kwamba babu zake walikuja na bunduki, yeye amebaki na sindano ya kushonea vikapu. Alisuka vifuniko vya rangi, vile vya Kinubi vya kufunikia chakula. Kiswahili kilikuwa kwao tangu hapo, hakikumtisha, na kwa ajili hiyo wawili hao walishibana tangu wiki ya kwanza. Mumewe, Abdul-Latif, alikuwa fundi wa magari Kisenyi, mtu wa maneno machache na mzaha wa ghafla. Nashon alimwazima patasi, yeye akamtengenezea Nashon pikipiki, na ujirani ukawa undugu.

Kosa la Abdul-Latif lilikuwa kutengeneza gari. Lilikuwa gari la mizigo lenye vipaza sauti juu, la watu wa upinzani, lililoharibika klachi katikati ya kampeni. Lilikokotwa mpaka gereji yake, akalitengeneza kama anavyotengeneza mengine. Baada ya siku chache, mchana kweupe, gari jeupe lisilo na namba, lile ambalo watu wa mji huliita droni, lilisimama mbele ya gereji. Wakashuka watu waliovaa kiraia. Waliokuwepo walisema Abdul-Latif aliingizwa ndani spana ikiwa bado mkononi, na mlango ukafungwa.

Lailah alizunguka vituo vyote vya polisi. Kila mahali aliambiwa huyo mtu hayuko kwetu. Jioni moja alimkuta Celestine bombani, akamngoja mpaka ndoo ikajaa.

"Dada Celestine," alisema, "mimi najua pale unaenda. Hapa kila mtu anajua. Ile gari inakuja kuchukua wewe."

"Lailah, mimi pale ni mwalimu tu."

"Mwalimu anaweza kuuliza swali."

Celestine alishika ndoo asiiinue.

Nashon alilikataa jambo hilo kabla halijamalizwa kusemwa. "Sisi ni wageni hapa," alisema, akivua viatu vya kiwandani. "Ukitaja jina la mtu mbele ya yule, jina lako linakaa kando ya hilo. Hayatenganishwi tena."

"Na Lailah nimwambie nini?"

"Mwambie uliuliza."

Lakini Celestine hakuwa mtu wa kudanganya jirani usoni. Jumanne iliyofuata, somo likielekea mwisho, Jenerali akifuta miwani yake, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Afande, nina ombi."

Jenerali hakuinua kichwa. "Sema."

"Kuna mtu amechukuliwa Kisenyi. Ni fundi wa magari. Hana siasa yoyote. Naomba, kama inawezekana, mke wake ajue yuko wapi."

"Jina?"

"Abdul-Latif Marjan."

"Ndugu yako?"

"Jirani."

"Jirani," Jenerali alirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Alivaa miwani, akamtazama. "Haya," alisema. "Tulikuwa kwa vitenzi vya wakati ujao. Tuendelee."

Baada ya hapo hakuligusa tena ombi lile. Wiki zikapita. Kila Jumanne na Alhamisi Lailah alikuwa amesimama mlangoni kwake gari linaporudi, akitazama, na Celestine alitikisa kichwa akaingia ndani. Alianza kujuta. Usingizi ukawa wa vipande vipande. Alijiambia kwamba ameongeza uzito kwenye mzigo wa yule mtu huko alipo, na wake pia.

Alhamisi moja alifika Mbuya akakuta meza ya somo imetolewa nje hadi kwenye baraza inayotazama bustani, na kiti cha tatu kimeongezwa.

"Leo ni mtihani," Jenerali alisema. Alionekana amefurahi. "Nataka kuona nani amejifunza."

Alipiga kofi moja. Kutoka nyuma ya nyumba askari wawili walimleta mtu aliyevaa shati kubwa lisilo lake, bila viatu, mkono mmoja umefungwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Alikuwa amekonda hivi kwamba Celestine alimjua kwanza kwa namna anavyoinamisha bega moja, ndipo akaujua uso. Abdul-Latif hakuketi mpaka aliposukumwa. Alimwona Celestine. Macho yake yalitulia kwake kwa muda mfupi, kisha yakaenda mezani, yakabaki hapo.

"Wewe," Jenerali alimwambia. "Eleza vile ulikosa. Kwa Kiswahili. Mwalimu anasikiliza."

Abdul-Latif alilamba midomo. "Mimi nilikosa," alisema. "Mimi nilitengeneza gari ya watu mbaya. Naomba musamaha kwa mukubwa."

Jenerali alimgeukia Celestine. "Sahihisha."

Celestine hakuelewa mara moja. Au alielewa, na akili ilikataa kupokea. "Ameeleweka, Afande," alisema.

"Sikuuliza kama ameeleweka." Sauti haikupanda hata kidogo. "Mimi nikisema watu mbaya, wewe unanisahihisha. Huyu umemwacha. Kwa nini? Yeye ni mkubwa kuliko mimi?"

Askari mmoja alisogea karibu na kiti cha Abdul-Latif. Hakufanya kitu, alisimama tu hapo. Celestine aliutazama ule mkono uliofungwa kitambaa, akajiambia kwamba mtu huyu ameletwa hapa ama atoke ama asitoke, na kwamba chochote kitakachoamuliwa kitaamuliwa kwenye meza hii. Alifungua mdomo.

"Ni watu wabaya," alisema. "Gari la watu wabaya."

"Arudie."

"Gari la watu wabaya," Abdul-Latif alisema.

"Yote. Kutoka mwanzo."

Alirudia. Akakosea mahali pengine, Jenerali akamtazama Celestine, Celestine akasahihisha. Akarudia tena. Mara nyingine ulimi ulimteleza kwa woga, mara nyingine kwa uchovu, na kila alipoteleza macho ya Jenerali yalirudi kwa mwalimu. Celestine alisahihisha kwa sauti ile ile anayotumia darasani, kwa sababu hakujua sauti nyingine ya kufanyia kazi hiyo. Waliendelea hivyo mpaka jua likahama barazani. Mwishowe Abdul-Latif alitamka maneno yale bila kosa, makavu, kama mtu anayesoma maandishi ya kaburi la mtu asiyemjua.

Jenerali alichekelea kidogo, akasimama. "Chukua mtu yako," alimwambia Celestine. Kisha akajirekebisha mwenyewe, kidole juu. "Mtu wako." Akangoja.

"Ni sahihi, Afande," Celestine alisema.

Oola aliwarudisha Namuwongo. Wawili hao waliketi nyuma, kila mmoja dirishani kwake. Uwanja wote ulikuwa na watu: wanawake bombani, wanaume wakicheza ludo, watoto. Wote walimwona akishuka kwenye gari la jeshi pamoja na Mkenya. Lailah alitoka, akapiga magoti hapo hapo kwenye tope, akashika miguu ya mumewe mitupu, asiiachie.

Ungedhani hapo ndipo mwisho wa mambo, lakini ndipo mambo yalipoanza. Kwanza ni bombani. Celestine akifika na ndoo, maneno yalikatika. Mama mmoja aliyekuwa akimuuzia nyanya alianza kumhudumia haraka haraka, bila salamu. Nashon ndiye aliyeleta ukweli, aliusikia kwa kinyozi. "Wanasema kama unaweza kutoa mtu," alisema, "basi unaweza kuingiza."

Lailah alijaribu. Alileta kisra, mkate mwembamba wa Kinubi, chini ya kifuniko kipya cha rangi, akaketi, akalia, akashukuru. Kisha akaja mara ya pili, akasimama mlangoni asiingie.

"Usikasirike, dada," alisema. "Yeye akisikia sauti yako kwa ukuta, anatoka nje. Anasema si wewe, ni hiyo lugha. Sasa hata mimi naongea na yeye Kinubi tu, na Luganda."

"Ni mimi," Celestine alisema. "Si lugha."

Lailah hakubisha. Alikitazama kifuniko chake juu ya meza, akaomba akirudishiwe, kwa sababu alikuwa amekisuka kwa ajili ya mteja. Wote wawili walijua hakuna mteja.

Huko Mbuya, Jenerali alibadilika pia. Sasa kila somo lilianza na swali moja: "Mtu wako hajambo?" Celestine alijibu hajambo, Afande. Kisha likaongezeka jingine: nani anamtembelea? Kisha jingine: wale mafundi wa Kisenyi wanasema nini siku hizi?

"Sijui, Afande. Wamenitenga."

"Basi rudi kwao. Peleka sukari. Watu maskini wanasahau haraka." Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Mimi nilikupa mtu mzima, Mwalimu. Wewe unipe maneno tu."

Celestine alirudi nyumbani akalala kitandani na nguo za kazi. Alifikiri kutoa jina la mtu aliyehama. Alifikiri kutoa jina la mtu aliyekufa. Alifikiri kusema kitu kidogo kabisa, kisicho na madhara, kisha akakumbuka kwamba kutengeneza klachi pia kulikuwa kitu kidogo. Usiku kucha alijipangia maneno, na Jumanne gari lilipokuja, alipanda akiwa ameshaamua.

"Afande," alisema alipoulizwa, "kazi ya Kiswahili nitaifanya. Hiyo nyingine siwezi."

Jenerali alivua miwani, akaiweka mezani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na mekundu pembeni. "Siwezi, au sitaki?" aliuliza. "Ni wewe ulinifundisha tofauti."

"Sitaki, Afande."

Upepo ulipita bustanini. Mtumishi mmoja aliyekuwa akipanguza dirisha aliacha kupanguza. Jenerali alifungua mdomo kujibu, na wakati huo huo simu ikaita kwenye mfuko wa shati lake, mlio ambao Celestine hakuwahi kuusikia kabla. Jenerali aliruka kusimama. Alibana visigino kama kuruta gwarideni, ingawa hakukuwa na mtu wa kumkagua.

"Ndiyo, Mzee," alisema.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ikifoka, ikatoka nje ya simu kama nyuki. Celestine hakuyapata maneno, wala hakuyataka. "Hapana, Mzee. Sikusema hivyo, Mzee. Walinisingizia, Mzee." Suruali ya Jenerali ilikuwa ikitikisika gotini. Mkono wake usio na simu ulianza kufuta meza, pale pale mahali pamoja, ukifuta kitu kisichokuwepo. Alisema ndiyo Mzee mara nyingi baada ya sauti kukatika, kisha akagundua imekatika. Akaketi. Akageuka.

Celestine alipaswa kuwa anatazama bustani. Alijua hilo, ila alichelewa.

"Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu, Afande."

"Umeona nini?"

"Nimeona Afande akizungumza kwenye simu."

Jenerali hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayetazama kiti na kujiuliza akiweke wapi. "Nenda," alisema. "Alhamisi tutamaliza hii maneno."

Hakujirekebisha.

Ndani ya gari Oola aliendesha mpaka walipokaribia reli. Hapo alipunguza mwendo, akaongea akitazama mbele. "Mwalimu, mimi niko na watoto nyumbani."

"Mungu awakuze," Celestine alisema.

"Ile simu ya Mzee hata sisi tumesikia. Simu kama ile ikipiga, watu walikuwa karibu, yeye anawakumbuka baadaye. Huyo mpishi wa kwanza pia alisikia kitu siku moja." Alibadilisha gia. "Alhamisi mimi nitakuja. Lazima nitakuja. Nikikuta mlango imefungwa, nitasema imefungwa."

Oola angeweza kuwa mtu mwema, angeweza kuwa ametumwa. Celestine alishuka, akasema asante, akatembea hadi chumbani bila kukimbia, akafunga mlango.

Nashon aliporudi kutoka kiwandani alimsikiliza mpaka mwisho, mikono bado ina harufu ya sabuni. Hakumkumbusha kwamba alimwonya. "Kesho asubuhi," alisema. "Wewe na mkoba wa shule, mimi na mfuko wa chakula, kama siku zote. Kila mtu na njia yake. Tukutane Busia, kwa mama."

"Na akinikosa mimi, atamchukua nani?"

Nashon alijua. Aliutazama ukuta wa upande wa Lailah. "Celestine, huyo mtu hawezi hata kusikia sauti yako."

"Atasikia leo."

Alitoka kabla giza halijaingia, watu wakimtazama, akavuka uwanja, akabisha. Aliyefungua ni Abdul-Latif. Alirudi nyuma hatua moja. Nyuma yake Lailah aliacha sufuria.

"Alhamisi mimi sitakuwepo," Celestine alisema kwa sauti ya chini. "Jenerali akinikosa, atakutafuta wewe. Ondokeni kabla ya hapo."

Taya la Abdul-Latif lilicheza. Alipopata neno, lilikuwa la Kiswahili. "Amekutuma?"

"Hapana."

"Nitajuaje?"

Celestine aliona kuapa ni bure, kila aliyetumwa huapa. "Hutajua," alisema.

Abdul-Latif alifunga mlango. Celestine alitazama mbao za mlango ule, kisha akarudi kwake asijue kama amewaokoa au amewatisha bure.

Jumatano asubuhi alitoka na mkoba wake, akamsalimu mama wa nyanya, ambaye hakuitikia. Alipanda basi la kwenda mpakani badala ya gari la shuleni. Njia nzima kila gari jeupe lililowapita lilimnyima pumzi. Mpakani afisa alipekua pasi yake polepole, akauliza anarudi lini. "Ijumaa," alijibu, na mkono ukagonga mhuri. Alivuka kwa miguu katikati ya wachuuzi wa mahindi. Nashon alifika jioni, uso umejaa vumbi, na mama yake Celestine aliwapikia bila kuuliza, maana aliona.

Alhamisi alikaa tangu asubuhi uani kwa mamake akipepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. Saa ya gari kuja ilipofika, alisimama. Ilipopita, aliketi.

Simu ya Lailah haikupatikana wiki ile, wala iliyofuata, wala mwezi ule. Celestine aliacha kupiga, akaanza tena, akaacha. Alipata kazi katika shule ya msingi karibu na soko. Wakati fulani magazeti ya Kampala yaliandika kwamba Jenerali amepewa majukumu mengine, wala hayakuyataja. Baadaye mtu aliyepita Mbuya alimwambia Nashon kwamba kwenye jumba lile sasa anakaa mwingine, na viti vya plastiki viko pale pale ukutani, na watu wa suti wamevikalia.

Ilikuwa siku ya soko, mchana, namba asiyoijua ilipompigia. Lailah. Walikuwa Bombo, kwa jamaa zake Wanubi, tangu asubuhi ile ile ya Jumatano. Abdul-Latif alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda usiku kucha, kisha akasema mtu aliyetumwa kukutega hawezi kukwambia "hutajua", na akaanza kufunga mizigo. Alhamisi gari la kijani lilikuja, dereva akabisha, akaondoka. Ijumaa walikuja wengine, wakavunja milango yote miwili. Hayo alisimuliwa na mama wa nyanya, na mama huyo alikuwa amemwomba Lailah amfikishie Celestine salamu, bila kueleza za nini.

"Anafanya kazi?" Celestine aliuliza.

"Kidogo. Ule mkono haushiki vizuri. Ngoja, anataka simu."

Alisikia pumzi ya mtu, na nyuma yake nyundo ikigonga bati.

"Mwalimu," Abdul-Latif alisema.

"Abdul-Latif."

"Siku ile pale kwake. Ulinisahihisha."

"Ndiyo."

"Mimi nafikiri hiyo kila siku. Siku ingine naona ulinitoa. Siku ingine naona ulisaidia yeye."

Celestine aliegemea ukuta wa duka. "Hata mimi," alisema.

Nyundo iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. "Lailah anasema ukija Bombo utakula hapa," alisema Abdul-Latif.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema uje kwanza."

Celestine alisema atakuja, mwaka huu au ujao, njia ikiwa salama. Abdul-Latif alisema sawa, akamrudishia mkewe simu, na wanawake wawili wakaongea mambo mengine mpaka salio likaisha.